Amepona Ama Bado? Hivi Ndivyo Kupona Skizofrenia Hupimwa

Cheki hii. Msee ametoka wodini, anameza dawa fiti, zile sauti zimenyamaza. Gakindu mzima wanasema amepona. Lakini doh yake inashikwa na bro, kwa mbogi haitwi, na watu bado wanamwita "mũgũrũki" akipita. Huyo amepona ama ametulia tu?

Hapo ndipo kuna vipimo viwili tofauti.

Kipimo cha daktari
Kinachojulikana sana ni PANSS, cha 1987. Daktari anaangalia dalili 30, kila moja anaipa alama 1 hadi 7. Alama zikishuka, dalili zimepungua. Poa, lakini PANSS haikuulizi kama una sababu ya kuamka asubuhi.

Kipimo cha mwenyewe
Mwaka 1993, Mmarekani William Anthony alieleza kupona kama safari ya mtu kuishi maisha yenye maana hata kama ugonjwa haujaisha. Kwa hivyo hapa anayejibu maswali ni mgonjwa mwenyewe, si daktari, si mathe.

RAS ni moja ya hizo fomu. Iko na toleo la maswali 41 na lingine la 24, na kila jibu ni 1 hadi 5. Inacheki vitu vitano:

- Unajiamini na una matumaini?
- Ukilemewa, unaweza kuomba msaada?
- Uko na malengo, hata kama ni kuku kumi tu?
- Kuna watu unaweza kuwategemea?
- Ugonjwa ndio unaendesha maisha yako, ama ni wewe?

Nyingine ni QPR, ya Uingereza, 2009. Waliopitia saikosisi wenyewe walisaidia kuiunda. Toleo lake fupi lina maswali 15, kila moja 0 hadi 4, kwa hivyo juu kabisa ni 60.

Usichanganye
Hivi vipimo viwili havitembei pamoja kila saa. Mtu anaweza kusikia sauti mara moja moja na bado anachuma kahawa, analipwa, anapanga maisha. Mwingine hana dalili hata moja lakini amefungiwa nyumbani kwa sababu familia inaona aibu. Ukipima dalili peke yake, huyo wa pili ndiye ataonekana mshindi.

Kenya je?
Users and Survivors of Psychiatry Kenya ilianzishwa 2007, na inaendeshwa na watu waliopitia haya mambo. Wanakutana kwa vikundi, wanashauriana, wanatetea haki ya mtu kujiamulia. Mwaka 2021 WHO iliwataja kama mfano mzuri kwa dunia.

Kama ni mtu wako
Mwache ajaze mwenyewe, usimjibie. Linganisha alama zake za leo na zake za miezi iliyopita, si za jirani. Uliza pia ni swali gani limeshuka, maana jumla inaweza kuficha. Na rada ni hii: alama za juu si ruhusa ya kuacha dawa ama sindano ya mwezi. Hiyo ongeeni na kliniki kwanza. Zikishuka ghafla, ama halali na sauti zinarudi, usingojee tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali hiyo siku.

Na hiyo doh yake, mrudishie aanze kuishika pole pole. Hakuna fomu itapanda kama hakuna anayemwamini na soo mbili.