MTOTO MWENYE ADHD: DAWA NA RATIBA YA SIKU NYUMBANI

Leo siasa pamoja na Simba na Yanga tuviweke pembeni kidogo. Hii ni makala ya kutunza. Ukiweza iprinti hapo kafe, umpelekee dada, mama mdogo au jirani mwenye mtoto ambaye kila kukicha anaambiwa mtukutu.

Hospitali wanaiita ADHD. Kwa lugha ya mtaani, ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, ashindwe kuweka akili kwenye jambo moja, na atende kabla ya kufikiri. Makadirio ya dunia ni watoto kama 5 katika kila 100. Chukua darasa la watoto 80, ambalo kwetu si ajabu: wanaweza kuwemo wanne humo ndani.

Mie si daktari, nimeishia kidato cha nne. Ila nyumbani tunakaa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 9, anatumia dawa hizi, na mjomba wa zamu ya asubuhi ni mie. Kwa hiyo mambo ya nyumbani nayaandika kwa kuyafanya, ya kidaktari nayaandika kama wanavyoyaeleza wenyewe.

SI KILA MTUNDU ANA ADHD

Madaktari hawaangalii siku moja. Dalili ziwe zimeonekana kwa miezi 6 au zaidi, zionekane sehemu mbili au zaidi (mfano nyumbani na shuleni), ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na ziwe zinamharibia kweli masomo au maisha yake na wenzake. Mtoto anayesumbua shuleni tu na nyumbani katulia, au kinyume chake, inabidi kutafuta sababu nyingine kwanza. Huenda haoni ubaoni. Huenda hasikii vizuri. Huenda halali vya kutosha, ana hofu, au ana kifafa cha kuganda macho sekunde chache bila kuanguka.

Jamani, haya si mashetani wala mtoto hajarogwa. Si sukari wala soda. Si kwamba mama yake kashindwa kulea. Hali hii kwa sehemu kubwa hutembea kwenye ukoo, na usishangae baba mtu akisema "hata mie nilikuwa hivyo hivyo".

Pa kuanzia ni hospitali yenye madaktari wa afya ya akili. Kwa Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari. Ukiwa mkoani anza hospitali ya mkoa, omba barua ya rufaa.

DAWA ZENYEWE

Inayojulikana zaidi ni methilfenideti. Kwenye boksi utaona imeandikwa methylphenidate, na jina la biashara lililovuma ni Ritalin. Iliundwa mwaka 1944 na Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi. Hilo jina la Ritalin limetokana na mke wake, aliyeitwa Rita. Kabla ya hapo, mwaka 1937, daktari Charles Bradley wa Marekani alikuwa ametoa dawa ya jamii inayokaribiana na hiyo kwa watoto 30, na karibu nusu yao wakabadilika ghafla darasani. Kwa hiyo si dawa ya majaribio ya juzi.

Watu wanauliza, inakuwaje mtoto asiyetulia anapewa dawa ya kuchangamsha? Ni kwamba inaongeza nguvu kwenye sehemu za ubongo zinazoshika breki na umakini. Breki zikishika, mtoto anatulia. Haimlazi. Ukiona mtoto kawa kama zezeta, hacheki wala hachezi, dozi inaweza kuwa kubwa mno au dawa haimfai. Mrudishe kwa daktari.

Kuna za aina mbili. Ya muda mfupi huanza kazi kama nusu saa baada ya kumeza na huisha kama saa nne baadaye, ndiyo maana watoto wengine wanameza mara mbili au tatu kwa siku. Ya muda mrefu humezwa mara moja asubuhi na kwenda saa 8 hadi 12 kutegemea aina. Hiyo ya muda mrefu HAIPONDWI wala HAITAFUNWI, maana dozi ya siku nzima inaweza kutoka kwa mpigo. Mtoto akishindwa kumeza, muulize mfamasia kabla ya kufungua kidonge chochote.

Ipo pia atomoksetini. Yenyewe haifanyi kazi siku hiyo hiyo, inachukua wiki kadhaa. Wengi wanaiacha wiki ya pili wakidhani wamepigwa hela.

Mtoto chini ya miaka 6 kwa kawaida hapewi methilfenideti. Kwake kinachotangulia ni wazazi kufundishwa namna ya kumwongoza.

UTAFITI AMBAO KILA MZAZI AUJUE

Desemba 1999 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao MTA. Watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 walifuatiliwa kwa miezi 14. Kundi moja lilipewa dawa kwa usimamizi wa karibu: dozi inapimwa, kila mwezi mzazi na mtoto wanaonana na daktari, mwalimu anaulizwa. Kundi lingine liliachwa litafute tiba lenyewe mtaani, na wengi wao walipata dawa za jamii ile ile.

Matokeo yake waliosimamiwa vizuri walipata nafuu kubwa zaidi kwenye utulivu na umakini. Dawa karibu ni zile zile, usimamizi tofauti!

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kununua dawa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni saa ya kumeza, chakula, daftari, usingizi na mtu mzima mmoja anayefuatilia. Sisi tusio na uwezo wa kumwona daktari kila mwezi, hiyo nusu ya pili ndiyo iliyo mikononi mwetu, tena haina bei.

SIKU INAVYOKWENDA

Jioni ya jana yake. Begi linapangwa, sare inatundikwa, viatu vinawekwa mlangoni. Asubuhi si wakati wa kutafuta soksi na mtoto wa namna hii.

Saa 11 na nusu alfajiri. Anaamshwa kwa saa ile ile kila siku. Ukutani kuna karatasi yenye picha za kuchora: mswaki, maji, sare, kikombe, kidonge, begi. Akimaliza jambo anaweka alama. Karatasi haichoki kurudia, na haina hasira.

Saa 12 asubuhi. Kwanza chakula, kisha kidonge. Hii msisahau, maana dawa hukata hamu ya kula. Mchana atarudi na chakula chake hakijaguswa. Kwa hiyo asubuhi apewe kitu kizito: uji wa ulezi wenye karanga, mayai, viazi, kiporo cha wali na maharage. Akishashiba anameza mbele ya mtu mzima, si "nenda kameze".

Mchana. Kama ana dozi ya pili, ikae kwa mwalimu kwa barua ya daktari. Isikae kwenye begi lake.

Saa 10 jioni. Dawa ya asubuhi imeisha, na watoto wengine hapo huwa na hasira au machozi kwa muda. Usianze kugombana naye. Mpe chakula, muache akimbie, acheze mpira. Huo si muda wa kazi za shule.

Saa 11 jioni. Kazi za shule kwa vipande. Dakika 15 kazi, dakika 5 mapumziko, kwa alamu ya simu. Meza iangalie ukuta, redio na TV zimezimwa.

Saa 2 usiku. Njaa sasa imerudi, mjazie sahani. Akiomba tena, mpe.

Saa 3 usiku. Kitandani. TV na simu zizimwe saa nzima kabla. Dozi ya jioni sana ndiyo huleta kukosa usingizi, kwa hiyo usibuni saa zako, fuata cheti.

Na namna ya kumwagiza: sogea karibu, muite jina, agizo MOJA, kisha arudie alichosikia. Ukimpa matatu kwa mpigo atakumbuka la mwisho au asikumbuke lolote. Akifanya vizuri msifu hapo hapo na utaje jambo lenyewe, "umerudisha ndoo mahali pake, safi sana". Sifa ya kesho kwake ni kama haipo.

DAFTARI

Nunua daftari, piga mistari. Tarehe, saa ya kumeza, alivyokula, alivyolala, maneno ya mwalimu, vidonge vilivyobaki. Siku ya kliniki huna haja ya kukumbuka, unafungua tu. Vikibaki vya wiki mbili anza kutafuta vingine, kwa sababu dawa hii iko chini ya udhibiti wa kimataifa wa mwaka 1971, inahitaji cheti na si kila famasi inakuwa nayo. Ukisafiri naye nje, hasa nchi za Ghuba, ulizia kibali kabla ya kukata tiketi.

Akisahau dozi, usimpe mbili kwa pamoja ili kufidia. Kama ni alasiri tayari, iruke, mpe kesho kwa saa yake.

MAUDHI YA DAWA

Ya kawaida ni kukosa hamu ya kula, usingizi kuchelewa, kichwa na tumbo kuuma. Mengi hupungua baada ya wiki za mwanzo au dozi ikirekebishwa. Mwongozo wa Uingereza uitwao NICE, wa mwaka 2018, unataka mtoto wa miaka 10 kushuka chini apimwe uzito kila miezi 3, na urefu kila miezi 6, pamoja na presha na mapigo ya moyo. Mizani ya zahanati inatosha.

KIMBIA HOSPITALI mtoto akizimia, akisikia maumivu ya kifua, moyo ukienda mbio isivyo kawaida, au akianza kuona na kusikia visivyokuwepo. Na kabla hata ya kuanza dawa, mwambie daktari kama kwenye ukoo kuna aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana. Dawa za mafua za kuzibua pua nazo usimpe bila kuuliza.

Mtoto akitaka kujaribu kufunga Ramadhani na wenzake, zungumza na daktari mapema kuhusu saa za dawa. Usiamue peke yako.

Halafu FUNGIA dawa kwenye kabati lenye ufunguo. Nasema na sisi vijana pia: hiki si kidonge cha kukeshea mtihani. Kwa asiyeandikiwa kinaweza kusumbua moyo na kuleta uraibu. Na ukichukua kimoja, mtoto atakosa siku moja.

SHULE NA VIBOKO

Mtoto wetu alikuwa anachapwa kwa kutomaliza kuandika ubaoni. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni ya mwaka 2002 iliweka ukomo wa viboko vinne na kumpa mamlaka mkuu wa shule, lakini sote tumesoma, tunajua yanayotokea. Kiboko hakirekebishi breki za ubongo. Kinachosaidia ni dada mtu, mama au mjomba kwenda kwa mwalimu kwa adabu, na barua ya daktari mkononi, na kuomba mambo matatu: akae mbele mbali na dirisha, apewe kazi kwa vipande, atumwe kufuta ubao au kuleta chaki ili anyanyuke bila kosa. Mwalimu wake wa sasa alikubali yote matatu, na anatuandikia mstari mmoja kwenye daftari kila Ijumaa.

Maswali wekeni hapo chini kwenye maoni. Ila tuheshimiane: usitaje jina la mtoto, na usimwandikie mtu dozi. Dozi ya mwanao si dozi ya mtoto wa mwenzio, hata wakiwa wa umri mmoja na mtaa mmoja.