Mji Uliohesabu Watoto

Likasi, mji wetu wa migodi huko Kongo, ilipokuwa bado ikiitwa Jadotville, mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi aliandikwa na kampuni hata kabla babu zake kijijini hawajapata habari. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, kwanza ilitaka wanaume peke yao: vijana waliokusanywa mbali, wakafanya kazi miezi michache, wakarudi kwao, au wakafa kwa kichomi. Mnamo 1927 na 1928 kampuni ikabadili njia. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mfanyakazi akahimizwa aje na mke, mke akapata posho yake na watoto yao. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika, alitaka wachimbaji wa kesho wazaliwe na kulelewa humo humo kambini. Ndipo zikaja nyumba za kujifungulia, mizani ya kupimia vichanga, na maziwa ya watoto. Wabelgiji waliotutawala hawakuipenda hata desturi yetu ya mama kunyonyesha miaka miwili au mitatu pasipo kulala na mume. Waliona inapunguza vizazi.

Mimi nimelelewa katika kambi ya Panda na mama mkubwa, dada ya mama yangu, ambaye hakujaliwa kuzaa. Mama alinikabidhi kwake nikiwa bado natambaa, kama ndugu wanavyopeana kwetu. Nasema haya kwa sababu historia ya kambi huandikwa kwa hesabu ya waliozaliwa, na mama mkubwa hayumo katika hesabu hiyo. Wenzake walipokwenda kupima watoto, yeye alibaki anatwanga.

Alitafuta tiba pande mbili. Kwanza kijijini, kwa Waluba wenzake. Mganga hakuanza na tumbo lake. Aliwaita wakubwa wa koo zote mbili, akauliza kama mahari ilikwisha, kama kuna mzee aliyekufa na kinyongo, kama mume ana deni kwa wajomba. Baadaye tu ndipo ikaja mizizi ya kuchemsha na pemba, ule udongo mweupe wa baraka, akapakwa tumboni. Mimba haikuja. Lakini kila nilipomsikia akisimulia safari ile, alisimulia kwamba siku hiyo mume wake naye aliketi katikati ya watu, akaulizwa.

Upande wa pili ulikuwa hospitali. Huko aliingia peke yake. Alichomwa sindano, akaambiwa apumzike, na mwisho akapigwa radio, yaani eksirei: dawa inapitishwa katika kizazi ili mirija ionekane kwenye picha. Yake ilikuwa imeziba pande zote. Hakuna aliyemwita mume.

Kuziba kule kulikuwa na historia kubwa kuliko ndoa yake. Kisonono kisichotibiwa hupanda hadi kwenye mirija, huiacha na makovu, na mara nyingi mwanamke hasikii maumivu yoyote ya kumwonya. Mahali wanaume wanapokusanywa kwa maelfu bila wake zao, na reli ikawapeleka na kuwarudisha, ugonjwa wa namna hiyo hupata njia nyepesi. Penisilini ilianza kuenea baada ya vita kuu kwisha mwaka 1945, na makovu yaliyokwisha kufanyika hayaiitikii. Huko Équateur na Uele, kaskazini mwa nchi, hali ilikuwa mbaya zaidi. Uchunguzi mkubwa wa watu wa Kongo uliofanywa 1955 hadi 1957 ulionyesha maeneo ambako wanawake wengi sana walimaliza umri wao wa kuzaa bila hata mtoto mmoja. Wakoloni waliogopa kwamba mbari zinakufa. Baadhi yao walilaumu tabia za wanawake. Kwangu mimi hilo ni dhuluma, maana ugonjwa uliingia nyumba nyingi ukiwa umebebwa na mume.

Shirika la Afya Duniani lilipolinganisha nchi 25 kati ya 1979 na 1984, lilikuta mirija iliyoharibiwa na maambukizi ni tatizo la Afrika kuliko mabara mengine. Uchunguzi huo huo uliwapima wanaume pia, na katika ndoa nyingi tatizo lilikuwa kwao, au kwa wote wawili.

Turudi nyumbani: mji wetu ulipewa jina la Likasi mwaka 1966, na mwaka uliofuata migodi ikawa ya serikali. Jina la Gécamines, kampuni hiyo ya serikali, lilikuja baadaye. Kwa miaka mingi mke wa mfanyakazi alitibiwa kwa jina la mume wake. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, shaba ikapungua vibaya, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliachishwa kwa malipo ya mara moja. Sasa kila kipimo kina bei yake, na mwanamke huanza na mizizi ya sokoni kwa sababu muuzaji hukubali apewe kidogo kidogo. Nairobi ilipata watoto wake wa kwanza wa mimba ya maabara mwaka 2006. Kwetu hata kufika Lubumbashi kwa daktari bingwa ni nauli ya kukopa.

Lakini kipimo cha mbegu za mwanamume hakihitaji kisu wala radio. Ni kikopo, hadubini, na mtu aliyefundishwa kutazama. Mabinti wa ukoo wanapokuja kwangu na karatasi zao za hospitali, nawauliza kwanza karatasi ya mume iko wapi. Wengi wanajibu kwamba hajaenda, na kwamba wao wenyewe hawakuthubutu kumwambia.