Mbata, Majivu na Lulu za Chevreul

Mwaka 1811, jijini Paris, kijana wa miaka 25 hivi aliyefanya kazi kwenye Makumbusho ya Historia Asilia alikuwa akichunguza sabuni laini iliyopikwa kwa mafuta ya nguruwe na potasi. Jina lake Michel Eugène Chevreul. Aliizimua kwa maji mengi, sehemu ikayeyuka, sehemu ikakataa, ikatuama chini kwa vipande vyembamba vinavyometa. Mmeto ule ulifanana na lulu, na baadaye asidi aliyoipata humo akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki la lulu.

Wakati huo sabuni ilikuwa imeshapikwa kwa karne nyingi, na hapakuwa na mtu aliyejua kinachotokea chunguni. Ilidhaniwa kwamba mafuta na magadi hushikana tu, kama unga na maji katika ugali. Pliny, mwandishi wa Roma aliyefariki mwaka 79, aliitaja sapo kuwa uvumbuzi wa Wagaul, iliyopikwa kwa shahamu na majivu ili kupaka nywele ziwe nyekundu. Iliyo bora, alisema, ni ya shahamu ya mbuzi. Neno sapo likaingia katika Kiarabu likawa sabun, nasi tukalipokea kama sabuni. Wakemia nao walirudi kwenye Kilatini kilekile walipotafuta jina la mafuta kugeuka sabuni, wakaita saponifikesheni. Neno la maabara na neno la karoni ni ndugu wa damu.

Sasa, kinachotokea ni hiki. Molekuli ya mafuta ina mikia mirefu mitatu iliyoshikwa na kishikio kimoja. Kostiki soda, yaani magadi yaliyofanywa makali, ikikutana nayo kwenye joto, inaikata pale mikia inapoungana na kishikio. Kila mkia unaondoka na chembe ya sodiamu, na huo mkia wenye sodiamu ndio sabuni. Ncha yake moja inapenda maji, nyingine inapenda mafuta, kwa hiyo inalishika doa la samli kwenye kanzu na kulikabidhi kwa maji ya kusuuzia. Kishikio kinabaki peke yake: hicho ni gliserini. Ukitumia potasi badala ya sodiamu unapata sabuni laini, na ndiyo maana sabuni ya maji ya majivu ya kuni au ya maganda ya ndizi haigandi ikawa mche.

Basi sabuni si mchanganyiko. Ni mafuta yaliyopasuliwa. Hilo ndilo Chevreul alilothibitisha, na njia yake ni ya kustaajabisha kwa jinsi ilivyokuwa ya subira: alipima. Alizitoa asidi, yaani mikia ile bila sodiamu, kwenye sabuni, akazipima, akapima gliserini, akajumlisha. Jumla ikazidi uzito wa mafuta aliyoanza nayo. Mwingine angedhani mizani imekosea. Yeye aliona kwamba maji yameingia katika vile vipande vilipoachana. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na zaidi, na mwaka 1823 akaitoa kitabuni. Aliishi hadi 1889, akafa na miaka 102.

Gliserini yenyewe ilikuwa imeshaonekana. Msweden Carl Wilhelm Scheele aliipata katika karne ya 18 kwenye mafuta ya zeituni, akashangazwa na utamu wake. Lakini viwandani ilikuwa uchafu. Mpishi alimwaga chumvi, sabuni ikaelea, na maji ya chini yenye gliserini yakatupwa mferejini. Baadaye dunia iliikimbilia, kwa kuwa ndiyo malighafi ya baruti aliyoivumbua Alfred Nobel mwaka 1867, dinamiti.

Upande wa magadi nao una msiba wake. Nicolas Leblanc alipata hataza mwaka 1791 kwa njia ya kuyatengeneza kutokana na chumvi ya kawaida. Mapinduzi ya Ufaransa yakamnyang'anya kiwanda, na mwaka 1806 akajiua. (Magadi hayo, kama yale ya Ziwa Natron, sharti yachanganywe na chokaa ndipo yawe kostiki.)

Yalibaki mafuta. Mwaka 1688 serikali ya Louis wa 14 ilikuwa imeamuru sabuni ya Marseille ipikwe kwa zeituni tu. Karne ya 19 amri hiyo isingeweza kusimama. Chevreul alikuwa ameonyesha kwamba mafuta yote yamejengwa kwa mpango mmoja, na masufuria ya Marseille yalitaka chochote chenye mikia mitatu. Mwaka 1844 Ufaransa ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Zanzibar, na wafanyabiashara wa Marseille wakawa wateja wakubwa wa ufuta na mbata, yaani nazi kavu, za pwani yetu.

Vitabu vya kemia nilivyosomea vilianza na chupa ya kostiki, havikuuliza mafuta yametoka wapi. Sehemu yake ilitoka bara ya Lamu na mashamba ya Malindi, ambako ufuta ulipaliwa na kuvunwa na watumwa. Naona uchungu kwamba mkono uliovuna haumo hata kwenye tanbihi.

Nazi ina tabia yake ambayo hesabu huifichua. Mwaka 1879 mkemia Köttstorfer alibuni kipimo cha kukamata siagi iliyoghushiwa: hupimwa ni miligramu ngapi za potasi kali zinazohitajika kugeuza gramu 1 ya mafuta kuwa sabuni. Ufuta hutaka karibu 190, nazi karibu 250. Maabara hukitumia mpaka leo, na mpikaji wa sabuni hukitegemea pia: kilo 1 ya mafuta ya nazi hutaka karibu gramu 183 za kostiki soda, ya mawese karibu 142. Akizidisha, sabuni itaunguza ngozi.

Tofauti hiyo hutokana na ufupi wa mikia ya nazi, kwani gramu 1 hubeba molekuli nyingi zaidi. Mikia mifupi huyeyuka upesi na kutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, mahali ambapo sabuni nyingine hukatika kama maziwa yaliyochacha. Ndiyo sababu sabuni ya mabaharia ilipikwa kwa mafuta ya nazi.