Molekuli moja ina nyuzi ngapi?

Wadau, nafundisha fizikia kidato cha pili hapa Mkoani. Juzi mwanafunzi kaniuliza: "Mwalimu, molekuli moja ya maji jotoridi lake nyuzi ngapi?" Darasa zima kicheko. Na mimi, nakiri, nusura nicheke.

Jibu ni kwamba haina. Molekuli moja ina mwendo tu. Jotoridi linatokana na wastani wa nishati ya mwendo wa molekuli nyingi. Hebu chukua mchemraba wa maji wenye upande wa nanomita 10, ambao darubini ya shule haiuoni kabisa. Ndani yake mna molekuli kama 33,000, na wastani wake unayumba kwa karibu nusu asilimia. Zikibaki 100 tu, unayumba kama asilimia 10. Kwenye kikombe cha chai hazihesabiki, ndiyo maana kipimajoto kinatulia.

Kilichonizuia kucheka ni Erasto Mpemba (jina tu hilo, si mtu wa huku kwetu). Mwaka 1963, akisoma Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Akachekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wakachapisha makala. Kwa maji wataalamu bado wanabishana, ila mwaka 2020 huko Kanada Kumar na Bechhoefer walionyesha jambo la aina hiyo kwa kijipira kidogo kuliko seli nyekundu ya damu.

Kesho tunapima urefu wa wanafunzi: kwanza wastani wa watano watano, kisha darasa zima.