Kigari cha Kiti Kimoja

Tunapoitazama miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tuitazame na historia ya wengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliwapa watu wenye ulemavu vigari vya magurudumu matatu, vyenye kiti kimoja tu. Mama hakuweza kumpakia mwanawe. Mwaka 1976 ikaanzisha posho ya usafiri, ambayo peke yake haikutosha kununua gari. Ndipo mwaka 1977 likaundwa shirika la Motability: mwenye posho huridhia ilipwe huko moja kwa moja, naye hukodishiwa gari. Utaratibu huo si mgeni kwetu. Deni la mbolea hukatwa vivyo hivyo katika malipo ya mazao. Mbolea tumekopesha tangu msimu wa kwanza. Kiti cha magurudumu hatujakopesha hata kimoja.