Mtoto wa Clara Town na Dola ya Liberia

Mwaka 1816, mjini Washington, kiliundwa chama cha kuwahamishia Afrika watu weusi walio huru wa Marekani. Waanzilishi wake walikuwa Wazungu wa nia mbili zisizopatana: wengine waliuchukia utumwa, wengine waliwaogopa watu weusi huru waliokuwa wakiishi jirani na watumwa wao. Nia hizo mbili zilipanda merikebu moja. Mwaka 1822 walowezi walianza makazi yao kwenye Rasi Mesurado, pwani ya Afrika Magharibi, na mji wao ukaitwa Monrovia kwa heshima ya Rais James Monroe. Tarehe 26 Julai 1847 walitangaza jamhuri. Ngao ya taifa iliandikwa kwamba kupenda uhuru ndiko kulikowaleta hapo, maneno ambayo hayakuwahusu Wakru, Wabassa, Wakpelle, Wagio wala Wamano, watu ambao hawakuletwa na mtu. Anayetaka kuelewa kwa nini, miaka 170 baadaye, mcheza mpira aliapishwa kuwa rais wa nchi hiyo huku umati ukilia kwa furaha, hana budi kuanzia kwenye mgawanyiko huo wa waliokuja na waliokutwa.

Chama cha True Whig kilishika hatamu mwaka 1878 na hakikuziachia hadi 1980. Ndani ya karne hiyo shule nzuri, mahakama, ardhi yenye hati na kazi za serikali vilizunguka mikononi mwa familia chache za walowezi. Mwaka 1926 kampuni ya Firestone ilikodishiwa eka milioni moja za mashamba ya mpira kwa miaka 99. Mwaka 1930 tume ya Shirikisho la Mataifa ilithibitisha kwamba maofisa wa serikali walikuwa wakiwapeleka watu wa bara na pwani kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya kisiwa cha Fernando Po, na Rais Charles King akalazimika kujiuzulu. Wakru waliionja dhuluma hiyo. Ni watu wa pwani ya kusini-mashariki, mabaharia na wapakiaji wa meli waliojulikana katika kila bandari ya Afrika Magharibi, na miaka ya 1930 wale wa Sasstown walipigana na majeshi ya Monrovia. William Tubman, aliyeingia madarakani mwaka 1944, aliwapa wenyeji haki ya kupiga kura, kwa masharti ya mali na kodi. Vyeo vikubwa vya serikali vilibaki vilipokuwa.

George Manneh Weah alizaliwa katika Liberia hiyo ya Tubman tarehe 1 Oktoba 1966, Mkru kwa asili, akalelewa na bibi yake mzaa baba katika mtaa wa Clara Town. Mtaa huo uko kwenye Kisiwa cha Bushrod, karibu na bandari ya Monrovia, kwenye ardhi ya kinamasi ambako mvua kubwa inapita nyumba kwa nyumba. Alikuwa na umri wa miaka 12 pale serikali ya William Tolbert ilipopendekeza kupandisha bei ya mchele na, tarehe 14 Aprili 1979, askari wakawafyatulia risasi waandamanaji. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Aprili 1980, Sajenti Samuel Doe na wenzake waliingia Ikulu usiku, wakamuua Tolbert, na siku kumi baadaye maofisa 13 wa utawala wa zamani wakapigwa risasi ufukweni. Wenyeji wengi walishangilia, kwani utawala wa walowezi ulikuwa umekwisha. Lakini Doe aliijaza serikali na jeshi watu wa kabila lake la Wakrahn, na uchaguzi wa 1985 ulioharibiwa mchana kweupe ulizima matumaini ya wale walioshangilia.

Wakati huo kijana wa Clara Town alikuwa ameacha shule na anafanya kazi ya ufundi wa simu katika shirika la simu la taifa. Jioni alicheza mpira. Alipitia Young Survivors na Bongrange, kisha akaingia vilabu viwili vikubwa vya Monrovia, Mighty Barrolle na Invincible Eleven. Inafaa kusema jambo hili wazi: katika nchi ambayo jina la ukoo ndilo lililompa mtu cheo, uwanja wa mpira ulikuwa mahali pa nadra ambapo mtoto wa Kikru asiye na cheti angeweza kupimwa kwa alichokifanya tu.

Mwaka 1987 alisajiliwa na Tonnerre ya Yaoundé, Kameruni. Claude Le Roy, Mfaransa aliyekuwa akiifundisha timu ya taifa ya Kameruni, alimwona na kumtaja kwa Arsène Wenger, kocha kijana wa Monaco. Mwaka 1988 Weah alifika Ulaya, na kwa miaka minne Wenger alimfunza na kumlea. Mwenyewe amemwita baba mara nyingi. Mwaka 1989 alichaguliwa mwanasoka bora wa Afrika. Mkesha wa Krismasi wa mwaka huohuo wapiganaji wa Charles Taylor walivuka mpaka kutoka Côte d'Ivoire na kuingia kaunti ya Nimba. Septemba 1990 Doe alikamatwa na kuuawa na kundi la Prince Johnson, kiongozi mwingine wa waasi. Jina hili la Johnson msomaji alishike, maana litarudi katika historia hii pasipotazamiwa.

Basi miaka ya utukufu wa Weah ndiyo miaka ya kuteketea kwa Liberia, na hatuna haki ya kuisimulia ile ya kwanza bila hii ya pili. Alipohamia Paris Saint-Germain mwaka 1992, Monrovia ilikuwa ikilindwa na majeshi ya Afrika Magharibi. Alichukua ubingwa wa Ufaransa mwaka 1994, na msimu wa 1994/95 akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya kwa mabao saba. Mwaka 1995 alijiunga na AC Milan. Mwaka huo tuzo ya Ballon d'Or ilifunguliwa kwa mara ya kwanza kwa wachezaji wasio raia wa nchi za Ulaya waliokuwa wakicheza huko, naye akaichukua, pamoja na ile ya FIFA ya mchezaji bora wa dunia. Hadi leo hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyotoa mshindi wa tuzo hizo. Tarehe 8 Septemba 1996, Milan ikicheza na Verona, mpira wa kona wa wapinzani ulimwangukia ndani ya boksi lake mwenyewe. Akaondoka nao, akakata uwanja wote, akawapita waliomzuia mmoja baada ya mwingine na kufunga upande wa pili. Waliokiona kitendo hicho hawakuhitaji kuambiwa ni mtu wa aina gani.

Miezi michache kabla ya bao hilo, Aprili 1996, Monrovia ilikuwa imelipuka upya kwa mapigano ya mitaani. Weah aliliambia gazeti la New York kwamba Umoja wa Mataifa uje uiokoe Liberia. Wapiganaji wa Taylor waliivamia nyumba yake mjini, wakaichoma moto na kuwadhulumu jamaa zake. Mwanzo wa siasa zake, kwa hukumu yangu, ni hapo, si mwaka 2005. Mchezaji alikuwa ametamka neno la raia, na dola ya bunduki ilimjibu kama inavyowajibu raia.

Timu ya taifa, Lone Star, ilikuwa jimbo lake la kwanza la uchaguzi. Serikali ilikuwa haipo au haina fedha. Weah alilipia tiketi za ndege na jezi, akawa nahodha, baadaye kocha, na kwa miaka kadhaa kikosi hicho kilikuwa ndicho kitu pekee cha kitaifa ambacho makundi yote yaliyokuwa yakiuana yaliweza kukishangilia. Kilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1996 na tena 2002. Katika kufuzu Kombe la Dunia la 2002 Liberia ilikosa nafasi kwa pointi moja, nyuma ya Nigeria. Baada ya Milan alipita Chelsea, alikochukua Kombe la FA mwaka 2000, kisha Manchester City na Marseille, akamalizia Al Jazira ya Abu Dhabi mwaka 2003.

Mwaka huohuo vita viliisha. Taylor, aliyechaguliwa mwaka 1997 na wananchi waliochoka waliohofu kwamba akishindwa angerudi msituni, alikimbilia Nigeria mwezi Agosti, na mkataba wa amani ukatiwa saini Accra. Watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walikuwa wamekufa katika vita viwili. Kizazi kizima cha vijana kilikuwa kimebeba silaha badala ya madaftari. Vijana hao ndio waliomtaka Weah agombee, na uchaguzi wa Oktoba 2005, wenye wagombea 22, ulimpa nafasi ya kwanza kwa asilimia 28. Mpinzani wake katika duru ya pili alikuwa Ellen Johnson Sirleaf, aliyesoma Harvard na kufanya kazi Benki ya Dunia. Kampeni yote ikageuka swali la elimu. Wakosoaji waliuliza mtu asiyemaliza sekondari atasomaje bajeti. Wafuasi wake wakajibu kwamba waliosoma ndio walioiangusha nchi. Majibu hayo yalikuwa na ukweli wa historia ndani yake, ila hayakuwa jibu la swali. Sirleaf alishinda kwa asilimia 59, akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa rais. Weah alilalamikia udanganyifu, kisha akaliacha lalamiko lake, na nchi iliyojaa wapiganaji wa jana haikurudi vitani.

Akarudi shule. Alimaliza sekondari akiwa mtu mzima mwenye jina la dunia, akapata shahada ya utawala wa biashara Marekani. Mwaka 2011 alikuwa mgombea mwenza wa Winston Tubman, na chama chao cha CDC kiliisusia duru ya pili. Desemba 2014, katikati ya janga la Ebola lililoua Waliberia zaidi ya 4,800, alichaguliwa seneta wa kaunti ya Montserrado, yenye Monrovia ndani yake, kwa asilimia 78 ya kura, akimshinda Robert Sirleaf, mtoto wa rais. Ndani ya Seneti, wakosoaji walisema, alizungumza mara chache na kupeleka miswada michache zaidi.

Ushindi wa 2017 ulijengwa kwa mpira na kwa hesabu. Weah alimchukua Jewel Howard Taylor, aliyekuwa mke wa Charles Taylor na seneta wa kaunti ya Bong, awe mgombea mwenza. Na Prince Johnson, ambaye sasa alikuwa seneta wa Nimba mwenye uwezo wa kuielekeza kaunti hiyo kubwa, alimuunga mkono. Mtu aliyechomewa nyumba na watu wa vita aliingia Ikulu akisaidiwa na mabaki ya vita. Tarehe 26 Desemba alimshinda Makamu wa Rais Joseph Boakai kwa asilimia 61. Aliapishwa tarehe 22 Januari 2018 katika uwanja wa mpira unaobeba jina la Samuel Doe. Tangu 1944 Liberia haikuwa imeona rais aliyechaguliwa akimkabidhi nchi kwa amani rais mwingine aliyechaguliwa.

Alitangaza kupunguza mshahara wake kwa robo, na kabla mwaka haujaisha akafuta ada za shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya umma. Wenger na Le Roy walialikwa Monrovia kutunukiwa nishani ya juu ya taifa, na hilo lilizua manung'uniko ingawa shukrani yenyewe ilikuwa ya haki. Lakini hazina aliyoikuta ilikuwa tupu. Bei ya chuma na mpira ilikuwa chini. Ebola ilikuwa imetafuna miaka miwili. Na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambao dola zao zililisha maduka na nyumba za kupanga za Monrovia, waliondoka Machi 2018, miezi miwili baada ya kuapishwa kwake. Hayo hayakuwa makosa yake. Mengine yalikuwa. Mali alizotamka hazikuwekwa hadharani huku majengo yake mapya yakipanda machoni pa watu. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 20 mwaka 2019, na Juni mwaka huo maelfu waliandamana. Agosti 2022 Marekani iliwawekea vikwazo maofisa wake watatu wakubwa kwa tuhuma za rushwa. Mahakama ya uhalifu wa kivita, iliyopendekezwa na Tume ya Ukweli na Maridhiano tangu 2009, haikuanzishwa. Sijui rais anayemtegemea Prince Johnson angeianzisha vipi, lakini wafiwa hawakumpigia kura ili wasikie hesabu hizo.

Mwishoni mwa 2022 alikaa nje ya nchi kwa wiki kadhaa. Huko Qatar alimtazama mwanawe Timothy akiifungia Marekani bao dhidi ya Wales katika Kombe la Dunia, jukwaa ambalo baba hakulifikia kamwe. Kwa mzazi ni furaha inayoeleweka. Kwa mchuuzi wa Monrovia aliyeuziwa mchele kwa bei ya juu, rais hakuwepo.

Uchaguzi wa Oktoba 2023 ulimpa asilimia 43.8, akiwa mbele ya Boakai kwa chini ya nusu asilimia. Safari hii Johnson alikuwa upande wa pili, kwa kuwa mgombea mwenza wa Boakai, Jeremiah Koung, alikuwa mtu wa Nimba na mfuasi wake. Duru ya pili ya tarehe 14 Novemba iliamuliwa kwa tofauti isiyofika kura 21,000: Boakai asilimia 50.64, Weah 49.36. Tarehe 17 Novemba, kabla tume haijamaliza kuhesabu, Weah alihutubia taifa, akakiri kushindwa, akampigia simu mshindi na kuwasihi wafuasi wake wayakubali matokeo. Miaka hiyohiyo, nchini Mali, Guinea, Burkina Faso na Niger, wanajeshi walikuwa wamezichukua serikali. Kati ya yote aliyoyatenda katika siasa, hili ndilo ninaloliweka juu kabisa, na ninaliweka juu ya lile bao la Verona.

Boakai aliapishwa tarehe 22 Januari 2024, na mwezi Mei akatia saini amri ya kuunda ofisi ya kuandaa mahakama ya vita. Prince Johnson alifariki Novemba mwaka huohuo bila kushtakiwa. Weah amebaki kiongozi wa CDC, chama cha upinzani chenye karibu nusu ya kura za nchi, na Clara Town bado inajaa maji kila masika yanapofika pwani ya Bushrod.