Baba wa Zawadi na Ndugu Yake

Juma hili, msikilizaji, nakuomba turudi nyuma karibu miaka mia saba, hadi Kilwa Kisiwani, siku ya Ijumaa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman anatoka msikitini. Fakiri mmoja kutoka Yemen anamsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani hamwambii njoo kesho. Anarudi, anabadili nguo, na fakiri anakabidhiwa zile alizoziomba.

Habari hii tumeachiwa na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Anasema sultani huyo alikuwa akila pamoja na mafakiri, na kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Wataalamu wa saikolojia wangempenda sana mtu huyu. Mwaka 1936 Mmarekani Gordon Allport na mwenzake Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 yanayoeleza jinsi mtu alivyo. Allport alishikilia kwamba wapo watu wachache ambao hulka moja huwatawala maisha yao yote, hata wakajulikana kwayo. Hilo si geni kwetu. Kila mtaa una mtu wake mwenye mkono wa birika, na hakuna aliyesomea chuo kikuu ili kumtambua. Waliokuja baadaye waliyapunguza maneno hayo hadi hulka kubwa tano, mojawapo ikiwa ni upole na wema kwa watu. Hapo al-Hasan anapata alama zote. Ndugu yake Daud, aliyemrithi, anaambulia sifuri. Ibn Battuta anasimulia kuwa waombaji walipomwendea, Daud aliwajibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa miezi wakisubiri, na mwishowe wakaacha kuja.

Kesi ingeishia hapo kama nisingevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko na kupanda hadi Husuni Kubwa, jumba la al-Hasan lililo juu ya jabali linalotazama bahari. Vyumba vyake vinazidi mia moja, na kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Yote ni mawe na chokaa. Mali ilitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala. Sarafu yenye jina la sultani huyu imepatikana hata kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Lakini Neville Chittick, aliyechimba Husuni Kubwa, aliona kwamba jumba hilo lilikaliwa kwa muda mfupi tu na halikumalizika.

Nikiwa nimekaa ukingoni mwa birika lile, jibu la Daud nikaanza kulisikia kwa namna nyingine. Pengine hakuwa bahili hata kidogo. Pengine alikuwa anasema kweli: kaka yake hakuacha kitu. Mwaka 1968 Walter Mischel aliwashtua wataalamu wenzake alipoonyesha kwamba hulka haitabiri mwenendo wa mtu kama walivyodhani, na kwamba hali aliyomo ina nguvu kubwa. Mpe mmoja hazina iliyojaa na mwingine deni la jumba, kisha uwapime ukarimu! Tena sifa za ndugu hao zilitolewa na mgeni, na mgeni humsifu aliyemlisha. Sisi wenyewe tuliiingiza takrima katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, hadi Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006. Pilau na khanga tulizila na kuzivaa bila kuuliza zimetoka mfuko gani.

Kuna kipande cha kisa nilichokiruka. Zile nguo hazikukaa na fakiri. Mwana wa sultani alizichukua, akampa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyokisifu kitendo chake, aliamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Angalia vizuri: nguo alizitoa alipoombwa, nyongeza ilikuja baada ya sifa. Na Ibn Battuta huyo huyo anaandika, bila kushangaa, kwamba sultani alikuwa akiwavamia watu wa bara mara kwa mara, akirudi na ngawira na kutenga fungu la tano kama dini ilivyoelekeza.

Tukirudi, nilimsimulia kisa hiki mzee mwenye mashua. Kwenye nguo alitabasamu. Nilipomaliza akanyamaza, akarekebisha tanga, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao waliotolewa, kwao wapi?"

Nikamjibu, "Mzee, kitabu hakisemi."

Kinamtaja sultani kwa jina, kinamtaja na Daud. Wale ishirini kinawataja kwa hesabu, pamoja na pembe.

"Basi huyo mkarimu wenu muulizeni yule Myemeni," akasema, na kugeuza usukani kuelekea Masoko.